Mwongozo wa matembezi Moshi kwa mtoto anayezidiwa na kelele, mwanga au umati

Nimpeleke wapi? Akianza kupiga mayowe ndani ya daladala nifanyeje? Watu wakimkodolea macho niseme nini? Wazazi wa watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili hapa Moshi wanaulizana maswali haya kwenye benchi la kliniki, nje ya geti la shule na hata baada ya ibada. Nimeyajibu kwa mdomo muda mrefu, sasa nayaweka pamoja kwa maandishi. Ni kwa ajili yako mama, baba, bibi au dada wa nyumbani uliyechoka kumwona mtoto anashinda ndani ya geti wiki nzima, lakini ukifikiria stendi na Soko la Mbuyuni unaghairi.

Ushauri wangu mkubwa nauweka hapa juu: chagueni sehemu moja, ndogo, ya karibu, muirudie mpaka mtoto aizoee, ndipo mfikirie nyingine. Familia nyingi hufanya kinyume. Wanakaa ndani miezi, halafu sikukuu ikifika wanafunga safari moja kubwa na ukoo mzima, spika za muziki, moshi wa nyama choma na watoto kibao. Mtoto anazidiwa, wote wanarudi wamenuna, na shauri linakatwa kwamba huyu habebeki. Safari ndiyo iliyokuwa kubwa mno kwake.

Jambo la kuelewa kabla ya yote

Wewe ukipita barabarani, ubongo wako unachuja: honi, mwanga, harufu ya dagaa, lebo ya shati inayokukwaruza shingoni, vyote unavisahau baada ya muda mfupi. Kwa watoto wengi wa aina hii mchujo huo haufanyi kazi sawasawa. Kila kitu kinaingia kwa pamoja, na kwa ukali. Wengine ni kinyume, hisia zinawafikia kwa uhaba, kwa hiyo wanazitafuta: wanaruka, wanazunguka, wanagusa kila ukuta, wanataka kulowa. Na mtoto mmoja anaweza kuwa yote mawili, akakimbia kelele huku akipenda maji yampige usoni. Hayo yanatosha. Kazi yako ni kumjua wa kwako.

Andaa haya kwanza

Daftari dogo. Kwa wiki moja andika kila siku kilichomvuruga na kilichomtuliza: sauti gani, saa ngapi, alikuwa na njaa au usingizi, nini kilimrudisha. Usilipuuze. Bila daftari hili utachagua sehemu unayoipenda wewe.

Kizuia kelele cha masikio. Zile hedifoni kubwa wanazovaa mafundi wa mashine za kuranda mbao zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya usalama kazini. Mjaribishe nyumbani dakika chache kila siku, kwa sababu wapo watoto wasiovumilia kubanwa kichwa. Akikataa, sweta lenye kofia hupunguza kidogo. Pamba usimtie masikioni; anaweza kuisukuma ndani au kuitoa akaimeza.

Mfuko wa safari: chakula anachokula siku zote (siku ya matembezi si siku ya kumwonjesha kipya), maji ndani ya kikombe chake mwenyewe, nguo za kubadili, pampasi kama anavaa, taulo, kofia ya jua, na kitu anachopenda kukishika. Ongeza kanga mbili. Kanga ni mkeka, ni kivuli, ni pazia la kumbadilishia nguo pasipo na choo cha maana, na kwa mtoto anayependa kubanwa ni ya kumfunika mabegani.

Dawa zake, kama anatumia, pamoja na saa yake ya kunywa. Kama ana kifafa usibadilishe saa hiyo kwa sababu ya safari.

Namba yako ya simu mwilini mwake. Mshonee kitambaa chenye namba ndani ya shati, au muandikie mkononi kwa kalamu ya wino usiofutika haraka. Mtoto asiyezungumza na mwenye tabia ya kutoroka asivuke geti bila hiyo.

Mtu mzima wa pili. Mmoja ni wa mtoto, wa pili ni wa mizigo, ndugu zake na dereva. Usiende peke yako safari za mwanzo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua sehemu kulingana na daftari

Moshi haina haja ya kujengewa kituo maalumu ndipo watoto hawa watoke. Sehemu tulivu tunazo, tatizo ni kwamba hatuzihesabu kuwa ni matembezi.

Ninayoipendekeza kwanza ni kihamba cha babu na bibi, yaani shamba la familia la migomba linalozunguka nyumba, kama mnacho. Chini ya migomba mwanga hauchomi, udongo ni laini, mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ukiwa na maji unatoa sauti ya taratibu isiyokatika, na hakuna mgeni wa kumshangaa. Mtoto anayetafuta hisia atarusha majani mfongoni asubuhi nzima. Tatizo la kihamba ni ndugu. Wakisikia mjukuu amekuja watakusanyika wote, kila mmoja anataka kumbeba na kumwombea. Ongea nao mapema kwa heshima: "Shikamoo bibi. Leo tunakuja kukaa shambani tu, watatu. Naomba wengine tuwasalimie siku nyingine, huyu mtoto akiona watu wengi anaumia." Bibi akishaelewa, yeye ndiye atakayewazuia wengine, na hakuna atakayembishia.

Kama hamna kihamba cha karibu, anzeni na barabara za mtaa wa Shanty Town. Zina miti mikubwa, nafasi, na magari machache ukilinganisha na katikati ya mji. Zinafaa pia kwa anayetumia kiti mwendo, mradi uchague zile zenye lami. Kutembea barabara moja kwenda na kurudi ni matembezi kamili.

Katikati ya mji napo panafaa, lakini Jumapili asubuhi. Maduka mengi yamefungwa, watu wako ibadani, na eneo lile la Mnara wa Saa ambalo Jumatatu halipitiki linakuwa na pumzi. Mtoto anayependa magari na majengo atafurahi. Mkikaribia kanisa lenye spika za nje pitieni mtaa wa pili.

Anayependa treni mpelekeni stesheni ya reli. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019 baada ya kukatika kwa miaka mingi. Zungumza na wafanyakazi wa stesheni, uwaulize siku ambayo treni haiji, na uombe ruhusa mtoto atazame reli. Siku ya treni acheni mpaka azoee, maana honi yake akiisikia kwa karibu mara ya kwanza inaweza kumfanya asirudi tena.

Msitu wa Rau uko karibu na mji na njia zake nyingi ni tambarare. Una kivuli kizito, una mbega weusi kwa weupe wanaorukaruka juu, na una mvule mkubwa ajabu ambao mtoto anaweza kuugusa mizizi na magome. Ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo ulizia utaratibu wa kuingia kabla ya siku yenyewe. Msiende wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwani matope hayatawaacha, hasa mwenye kiti mwendo. Vaeni mikono mirefu; kuna mashamba ya mpunga jirani na mbu hawakosi.

Maji ya chemchemi ya Chemka, ng'ambo ya Boma Ng'ombe, yanapendwa sana na watoto wanaotafuta hisia, kwa kuwa ni safi na ya uvuguvugu. Nenda siku ya kazi, asubuhi na mapema. Wikiendi panajaa watu na muziki. Barabara ya kuingia ni ya vumbi na mashimo, na maji yenyewe ni ya kina kirefu. Hapa nasema kwa msisitizo: tyubu za kukodi hazimzuii mtoto kuzama. Mtu mzima anayejua kuogelea awe naye majini, umbali wa mkono, muda wote. Mwenye kifafa ambacho bado hakijatulia asiingie kabisa, akae ukingoni akimwagiwa maji miguuni.

Maporomoko ya maji ya Materuni yaacheni kwa baadaye. Ni pazuri, lakini njia ni ya mlima na inateleza, na maporomoko yenyewe yananguruma. Mtoto akizidiwa kule, mtambeba mpaka gari lilipo.

2. Nenda mwenyewe kwanza

Nenda siku ileile ya wiki na saa ileile utakayompeleka. Kaa nusu saa ukiwa na masikio ya mtoto wako. Kuna jenereta? Mbwa? Choo kikoje, na harufu yake inafika wapi? Geti linafungwa? Maji yaliyo wazi yako umbali gani? Tafuta kona moja ya kutulia, iwe chini ya mti, nyuma ya ukuta au ndani ya bajaji iliyoegeshwa, na uikariri. Piga picha tano au sita kwa simu: njia ya kuingia, mahali pa kukaa, choo, kona ya kutulia na njia ya kutokea.

Kama ni bustani ya hoteli au mgahawa, ongea na msimamizi: "Kaka, nitamleta mwanangu, ana usonji, sauti kubwa zinamuumiza. Tukija saa tatu mnaweza kupunguza muziki na kutupa meza ya pembeni?" Wengi hukubali, kwa sababu saa hiyo hawana wateja.

3. Chagua siku na saa

Kwa watoto wengi asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, ndiyo nzuri. Jua bado, tumbo limeshiba, akili haijachoka. Januari na Februari mji wetu unawaka, na mtoto asiyeweza kusema ana kiu anaathirika upesi, kwa hiyo mpe maji bila kungoja aombe.

Kuna nyakati za kuepuka kabisa. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwaka mpya, Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi na barabara zote zinafurika. Wikiendi ya Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji unajaa wakimbiaji, spika na barabara zilizofungwa. Ijumaa mchana eneo la misikiti linakuwa na watu wengi.

4. Mwonyeshe kabla ya kwenda

Siku moja au mbili kabla, mwonyeshe zile picha kwa mpangilio, kwa sentensi fupi zilezile: "Tunapanda bajaji. Tunaona miti. Tunakula ndizi. Tunarudi nyumbani." Picha ya nyumbani iwe ya mwisho kila mara, mtoto akijua mwisho upo, mwanzo haumtishi. Ukiweza zichape kwenye steshenari, uzibandike kwenye karatasi ngumu, na abebe mwenyewe. Asiyeona vizuri mpe kitu cha kushika: kipande cha gome, taulo la kuogelea, chochote kinachohusiana na mahali mnapoenda.

Usimwambie wiki nzima kabla. Wapo watakaouliza "leo?" kila dakika mpaka wachoke, na siku ikifika hawana hamu tena.

5. Panga usafiri kama unavyopanga safari yenyewe

Hapa ndipo safari nyingi zinapofia. Mtoto anafika akiwa ameshazidiwa, na mahali panalaumiwa bure.

Bora ni bajaji ya kukodi, ya dereva mmoja unayemjua. Mweleze: asipige honi bila sababu, asiwashe redio, asibebe mwingine njiani, na awe tayari kugeuza ukimwambia. Mlipe na muda wa kusubiri. Dereva anayesubiri ni usalama wako wote wa siku ile.

Kama ni daladala, msipandie stendi. Wapiga debe watamgusa, watamvuta na kumpigia kelele. Tembeeni mpaka kituo kidogo cha mbele, mngojee gari lenye nafasi, mkae dirishani karibu na mlango. Ukiweza lipia kiti cha pembeni kibaki wazi, na umwambie konda mapema: "Kaka, mtoto huyu anashtuka haraka. Nikigonga naomba utushushe." Akikukatalia kupanda kwa sababu ya hali ya mtoto au kiti mwendo, jua kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi. Siku hiyo lakini usigombane mbele ya mtoto. Chukua namba ya gari, pandeni jingine, ulifuatilie baadaye.

Bodaboda na mtoto anayejirusha, hapana.

6. Mkifika, msiingie haraka

Simameni pembeni kwanza. Mwache aangalie, asikilize, anuse. Akijitikisa au kupunga mikono mwache, hivyo ndivyo anavyojituliza. Mpelekeni kwenye ile kona ya kutulia kabla ya kuihitaji, ili aijue. Kisha mfuate yeye. Akitaka kukaa kwenye changarawe na kuzimwaga vidoleni muda wote, hayo ndiyo matembezi yake. Mbega watakuwepo hata wiki ijayo.

7. Ondokeni mtoto akiwa bado ana furaha

Mara ya kwanza dakika ishirini au thelathini zinatosha. Najua umejiandaa wiki nzima, umelipa bajaji, na ndiyo kwanza anacheka. Ondokeni hapohapo. Mtoto anabaki na kumbukumbu ya jinsi mambo yalivyoisha, na akiondoka akiwa mzima atakubali kurudi. Mpe taarifa kwa picha ya nyumbani, kisha mpe ishara moja isiyobadilika: wimbo mfupi, kuhesabu mpaka kumi, kumpungia mti kwaheri.

Dalili za kuondoka mara moja, hata kama mmefika sasa hivi: kuziba masikio kwa nguvu, kujing'ata, kunyamaza ghafla kwa mtoto ambaye kwa kawaida anatoa sauti, kukwepa macho zaidi ya kawaida yake, kutembea kwa vidole kusikokuwepo asubuhi. Kila mtoto ana zake, ziandike kwenye daftari.

8. Rudieni, mkibadilisha kitu kimoja tu

Wiki inayofuata: mahali palepale, saa ileile, dereva yuleyule. Akishazoea ongeza dakika kumi. Au mlete binamu mmoja. Au pitieni njia nyingine. Kimoja tu kwa safari, ili likitokea tatizo ujue limetoka wapi.

Makosa ninayoyaona sana

Kumvalisha nguo na viatu vipya siku ya kutoka. Nguo za mtumba zikatwe lebo na zifuliwe kwa sabuni yenu ya kila siku, kisha azivae nyumbani kwanza.

Kumtisha au kumhonga: "Ukilia tunarudi." Mtoto aliyezidiwa halii kwa makusudi, na kama nyumbani ndiko anakotaka kwenda, umemfundisha kulia.

Kupiga picha na video mfululizo. Simu usoni mwake ni kero, na picha yake akiwa amezidiwa haina haki ya kuzunguka kwenye magrupu ya familia.

Kuwasahau ndugu zake. Yule dada anayemshika mkono kila siku naye ni mtoto. Mtu mzima wa pili akae naye, anunuliwe aiskrimu yake, acheze mbali kidogo.

Mambo yakiharibika

*Amezidiwa, analia na kujirusha chini.* Acha kuongea. Maneno mengi, hata ya upole, ni kelele nyingine. Ondoa hatari iliyo karibu, mwombe mwenzako awasogeze watu, mweke kivulini, mvalishe kizuia kelele. Mbane kifuani kama tu unajua anapenda kubanwa. Asiyependa ataumia zaidi. Ngoja. Akitulia mpe maji, mrudi nyumbani bila hotuba.

*Watu wamekusanyika.* Andaa sentensi moja uikariri: "Mtoto wangu ana usonji, kelele zinamuumiza, naomba mtupishe apate hewa." Isemwe kwa sauti ya kawaida, mara moja. Akitokea mzee wa kusema mtoto hakufunzwa adabu au ana mapepo, msalimie, mwambie "asante mzee, anatibiwa KCMC" au popote anapotibiwa, na uendelee na mtoto. Watu wengi wakisikia jina la hali yake na la hospitali wanalegea, hata wanasaidia kubeba mizigo.

*Amepotea.* Angalia kwanza kwenye maji, kisha barabarani, kisha kwenye kitu anachokipenda kuliko vyote. Mmoja abaki palepale alipoonekana mwisho. Waambie watu nguo alizovaa na kwamba haitikii jina lake. Ndiyo maana asubuhi kabla ya kutoka mnampiga picha moja akiwa amevaa nguo za siku hiyo.

*Ameanguka degedege.* Mlaze ubavu, mwekee kanga chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu, angalia saa. Ikipita dakika tano, ikijirudia kabla hajapata fahamu, au kama hajawahi kupata degedege, mkimbizeni hospitali. Iliyotokea majini ni ya hospitali hata kama imeisha haraka.

*Kila safari inashindikana.* Rudi kwenye daftari upunguze ukubwa. Kaeni nje ya geti lenu dakika tano kwa siku, kwenye mkeka. Kisha mpaka kona ya mtaa. Wakati huohuo omba kuonana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. KCMC wapo, na kazi yao ni mambo haya haya ya hisi na shughuli za kila siku. Nenda na daftari, litamwokolea muda mwingi.

*Hataki kuondoka.* Tatizo hili watu hawalitarajii, na linakuja mara kwa mara akishapazoea. Usimvute. Mwonyeshe picha ya nyumbani, halafu picha ya mahali hapo iliyobandikwa kwenye siku ya wiki ijayo. Mpe kitu cha kubeba kutoka pale, kama jiwe au jani, na dereva awashe bajaji ikiwa karibu, asiisikie ikimjia kutoka mbali. Akikataa bado, ongeza dakika tano kamili kwa saa ya simu inayolia mlio laini, na ikilia mnyanyuke wote kwa pamoja.